Makande: kipi kinaingia chunguni, na lini

Dar es Salaam nimekutana na watu wengi wasiotaka hata kusikia neno makande, na ukiwauliza sababu wanakupa habari za shule ya bweni: mahindi yanayogonga meno, maharage yenye wadudu, maji yanaelea juu. Siwalaumu. Lakini kwetu Upare makande ndiyo chakula chenyewe, na mgeni akiandaliwa bakuli la makande yaliyoiva haulizi kama kuna wali. Yale ya shuleni na ya nyumbani yanatoka kwenye mahindi yale yale na maharage yale yale. Yanaachana kwenye mpangilio tu: nani anatangulia kuingia, nani anasubiri, na moto uweje kwa wakati huo. Ukilishika hilo, utapika makande kwenye mafiga uani, kwenye jiko la mkaa barazani au kwenye gesi, na yote yatalika.

Kwa watu watano au sita chukua mahindi yaliyokobolewa nusu kilo, maharage robo kilo, nazi moja kubwa, vitunguu viwili, nyanya tatu, mafuta vijiko vitatu vya chakula, na chumvi. Ukitaka karoti au hoho, weka. Mimi siweki unga wa bizari wala viungo vya pakiti, kwa sababu vinafunika ladha ya mahindi, na mahindi ndiyo ninayoyafuata.

Maharage yawe ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto hukakamaa, na hata uyachemshe kutwa hayalainiki sawasawa. Yatazame kabla hujalipa: mapya ngozi yake inang'aa na rangi imekolea vizuri, ya zamani yamefifia au yamekuwa meusimeusi, mengine yana makunyanzi. Ya njano huiva upesi kidogo, mekundu yanatoa rojo zito. Chagua unalopenda, ila usichanganye mapya na ya zamani kwenye chungu kimoja, maana nusu yatapondeka wakati nusu bado mawe.

Sasa mahindi. Mjini ni rahisi, unakwenda sokoni unaomba mahindi ya makande, yanakuja yameshakobolewa kwa mashine. Kama una kinu, fanya mwenyewe, kwani yanabaki mazima na matamu zaidi. Nilijifunza kwa bibi yangu mzaa mama. Mwaga mahindi kwenye kinu yafike chini kidogo ya nusu, nyunyiza maji kiganja kimoja au viwili, geuza kwa mkono mpaka kila punje ing'ae, kisha acha kidogo. Ganda la nje hunywa maji kabla ya kiini, likalegea. Hapo ndipo unatwanga, na kutwanga kwenyewe ni kwa mkono mwepesi: inua mchi, uache ushuke kwa uzito wake, usiusindilie. Unataka punje zisuguane zenyewe kwa zenyewe. Baada ya muda utaona maganda yanaanza kupanda juu kama vikaratasi, na sauti ya kinu inabadilika, inakuwa ya kukwaruza. Toa, anika juani yakauke kidogo, peta kwa ungo. Kama bado kuna punje zenye ganda, rudisha kinuni mara ya pili kwa maji machache zaidi. Pumba wape kuku.

Mahindi yasiyokobolewa yanapikika pia, Wakenya wengi hupika githeri hivyo, na Ukambani wanayo muthokoi ambayo ni mahindi yaliyokobolewa kama yetu. Ila ukipika na ganda, jiandae kwa saa tatu au zaidi za moto, na ganda hilo halilainiki hata mwisho wake.

Loweka usiku kucha, mahindi kwenye bakuli lake, maharage kwenye lake. Usiyachanganye, kwa sababu hayaingii jikoni pamoja. Asubuhi mwaga maji ya maharage, yaoshe mara mbili. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosumbua tumbo, na sumu hiyo hufa kwa kuchemka kwa nguvu, si kwa moto wa chini chini. Dakika kumi za kutokota kwelikweli ni lazima, uwe unapikia wapi na kwa chombo gani.

Tukianza na nje, mafiga matatu. Mawe usiyatoe mtoni. Jiwe la mtoni lina maji ndani ya nyufa zake, likipata moto mkali linaweza kupasuka na vipande vikaruka. Tafuta mawe makavu ya shambani yanayolingana kimo, yazike kidogo ardhini yasiyumbe, na yaachane kiasi ambacho sufuria inakaa kwa kujiamini ukiisukuma na mwiko. Kati ya chini ya sufuria na ardhi acha nafasi ya shubiri moja. Ikiwa chini zaidi moto unakosa pumzi na moshi unajaa, ikiwa juu zaidi unapasha upepo. Kabla ya kuteleka, paka matako ya sufuria majivu yaliyokorogwa kwa maji. Masizi yatashika kwenye majivu, na wakati wa kuosha yatatoka bila kubembelezwa.

Kuni ziwe kavu, zile ambazo ukigonganisha mbili zinalia. Kwa kuwashia, makumbi ya nazi au vijiti vya mgrevilea. Kwa kupikia, vipande vitatu vinene vinatosha: kila kimoja kinapita kati ya mafiga mawili, ncha zinakutana katikati, na jinsi zinavyoungua unavisukuma ndani taratibu. Moto wa makande haurundikiwi kuni. Usichome mnyaa hata kama umekauka na uko karibu, utomvu na moshi wake vinadhuru macho.

Mahindi ndiyo yanatangulia. Maji lita tatu, mahindi ndani, bila chumvi, bila kitu kingine, moto mkali mpaka yachemke, kisha punguza yatokote kwa dakika 45. Ndipo maharage yaingie. Rudisha moto mkali, chemsha kwa nguvu zile dakika kumi na zaidi, halafu vuta kuni moja nje, funika, na yaache yaendelee saa moja na nusu hivi. Weka birika la maji ya moto pembeni ya figa, kwani maji yakipungua unaongeza ya moto. Ukimimina ya baridi sufuria inanyamaza kabisa, na mpaka ichemke tena umepoteza kuni na muda.

Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa haraka ya kutaka ladha ianze mapema. Nyanya zikiingia wakati huu, ndimu vile vile, ukali wake unazuia ngozi za maharage kulainika, utakaa jikoni mpaka jioni. Chumvi nayo isubiri, kwa sababu maji bado yatapungua sana, na unachoonja sasa kikiwa sawa mwishoni kitakuwa kimezidi. Kuna maji ya visima yenye chokaa nyingi ambayo nayo hayaivishi maharage, kwa hiyo ukiona kila siku yanakugomea, jaribu maji ya mvua kabla ya kumlaumu muuzaji.

Wengine hutia magadi ili yaive upesi. Yanafanya kazi, sibishi. Lakini magadi yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye mahindi na maharage, na yakizidi kidogo tu chungu kizima kinakuwa na ladha ya sabuni. Kama umeloweka, huna haja nayo.

Jambo lingine la kujua kwa anayepikia milimani: kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, siyo 100. Ndiyo maana makande yale yale yanachukua muda mrefu zaidi kwetu juu kuliko Dar. Ongeza nusu saa na usiwe na wasiwasi.

Kujua kama yameiva, usitafune harage, tafuna hindi. Chukua punje moja kwa kijiko, ipoe, iweke kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ibonyeze. Ikitanuka na kufunguka ikaonyesha unga mweupe mpaka katikati, tayari. Ikiteleza ikaruka, bado. Fanya hivyo kwa punje kadhaa kutoka chini ya sufuria, siyo juu tu.

Ndani ya nyumba mambo ni yale yale, ila moto unabadilika. Jiko la mkaa linataka mkaa uwashiwe nje mpaka uwe mwekundu wote, na lipikiwe mahali penye upepo, barazani au mlangoni. Tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, hata usiku wa baridi, hata makande yakiwa yamebakiza kidogo. Mkaa unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Mkaa ukibaki, mwagia maji nje, kesho utaukausha.

Kwa anayetumia gesi, saa mbili na nusu za mwali ni gharama kubwa. Sufuria ya presha inamaliza kazi kwa dakika 40 kama umeloweka. Asiye nayo atumie kikapu. Chukua kikapu kikubwa chenye kina, tandika chini na pembeni vitambaa vya pamba au blanketi kuukuu mpaka libaki shimo la saizi ya sufuria yako. Chemsha mahindi dakika 40, tia maharage, chemsha kwa nguvu dakika 20 zaidi, funika vizuri, toa, zamisha kikapuni haraka, funika kwa mto mnene juu. Usifungue kuchungulia. Baada ya saa nne yatakuwa laini, na bado ya moto. Sufuria iwe imejaa karibu mpaka juu, ikiwa nusu inapoa mapema. Ukiyatoa yarudishe motoni yachemke kabla ya kuendelea.

Sasa kuunga. Milimani kwetu hakuna minazi, tulikula makande yenye chumvi na samli, au karanga zilizotwangwa. Nazi nilifundishwa na mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, na ninakiri kwamba Watanga wanajua. Nazi nzuri ni nzito mkononi na ukiitikisa maji yanacheza ndani. Macho yake yawe makavu, yasiwe na ukungu. Ivunje kwa kisogo cha panga, onja maji, yakiwa machachu itupe. Ikune kwenye mbuzi, na ukikaribia kifuu acha, ile sehemu ya kahawia inachafua tui. Tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja, hilo ni tui zito, liweke pembeni. Chicha itie vikombe viwili, kamua tena, hilo jepesi.

Kaanga vitunguu mpaka viwe na rangi ya dhahabu, tia nyanya, zipike mpaka zipondeke na mafuta yajitenge. Mimina makande yaliyoiva pamoja na maji yake kidogo, weka chumvi, kisha tui jepesi. Acha yachemke dakika 15. Ponda punje chache ubavuni mwa sufuria kwa mwiko, rojo litashikana. Punguza moto uwe makaa tu, ndipo tui zito liingie, na kuanzia hapo mkono hautoki kwenye mwiko mpaka lichemke. Mama mkwe alikuwa akinisimamia pale pale: "Mwanangu, tui halifunikwi, wala haliachwi peke yake." Likiachwa lichemke kwa fujo linakatika, mafuta yanakwenda huku na maji kule. Dakika tano, saba, epua. Yakiwa bakulini yataendelea kuwa mazito, kwa hiyo epua yakiwa bado na urojo.

Yaliwe na parachichi lililoiva, lililokatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi. Maziwa mgando yanafaa pia, hasa kwa makande yasiyo na nazi. Mchicha wa kukaanga ukipatikana, vizuri.

Ukipika ya siku mbili, gawa kabla ya kutia nazi. Yale ya kesho yabaki na chumvi tu, kwani kwa joto la Dar makande ya nazi yakilala nje ya friji asubuhi yamechacha. Na hata yasiyo na nazi, kama huna friji, yachemshe tena usiku kabla ya kulala, na asubuhi yachemshe kwanza, kisha yakaangie kitunguu na pilipili mbichi mpaka yakauke na kushika chini kidogo. Yapakue na chai ya rangi yenye tangawizi.