Jero, buku na fungu la dagaa: ninavyowafundisha wanangu pesa

Nauza mawese na dagaa hapa Ujiji, tena ni mweka hazina wa kikoba chetu. Wanangu wana miaka mitano na minane.

Hatua ya 1: Anza na sarafu, simu weka kando. Mtoto anayekuona unalipa kwa simu tu hajui kwamba pesa huisha. Mwaga mkekani sarafu za 50, 100, 200 na 500, azipange. Mwanangu mdogo alikataa katakata kunipa sarafu tano za mia nimpe jero moja, yaani sarafu ya shilingi 500. Kwake tano ni nyingi, basi. Usimcheke. Mpeleke kwa mama wa mandazi, anunue kwa zile sarafu tano za mia, kesho anunue kwa jero, ahesabu mandazi.

Hatua ya 2: Mtume sokoni mara mbili, siku za giza (mwezi hauonekani) na siku za mbalamwezi. Hapa ndipo penye utamu. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika na dagaa wanaadimika. Mpe buku (shilingi 1,000) anunue fungu siku za giza. Baada ya wiki mbili mpe buku tena, fungu kwa muuzaji yuleyule. Mkubwa alirudi amenuna: "Mama, kanipunja! Fungu dogo!" Sikumjibu. Usiku nikamtoa uani, nikamwonyesha mwezi. Siku hizi yeye ndiye ananikumbusha tuanike dagaa wa akiba mapema.

Hatua ya 3: Chupa mbili. Moja ya kutumia, moja ya kuweka. Kibubu cha mbao ni kizuri kwa mtu mzima. Mtoto anataka kuona pesa zinavyopanda. Mimi natoa jero kila Jumamosi, na anagawa mwenyewe.

Na usichukue kimyakimya! Niliwahi kutoa 2,000 kwenye chupa ya mkubwa nimlipe bodaboda, nikasahau. Akanidai mbele ya wageni. Sasa nikikopa naandika daftarini, naweka na tarehe, kama kwenye kikoba.

Hatua ya 4: Akimaliza, kamaliza. Zote kanunulia barafu Jumamosi? Asubiri Jumamosi nyingine, hata alie. Machozi ya mtoto nayaweza. Anayenishinda ni bibi yao, anayewapa mia mia kwa siri nyuma ya jiko. Tumekubaliana angalau nusu iingie kwenye chupa. Mdogo ameshaanza kumkagua.