Kuivisha Maharage Nyanda za Juu Kusini kwa Mkaa Mchache

Mpishi anayehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam hugundua mapema kwamba maharage yanachelewa kuiva kuliko alivyozoea, na mara nyingi huulaumu mkaa au aina ya maharage. Sababu kubwa ni mwinuko. Maji hupoteza karibu nyuzi joto moja ya kuchemkia kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo jijini Mbeya, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa kuwa maji yaliyokwisha kuchemka hayapati joto zaidi hata ukichochea moto, mkaa unaoongezwa hapo hukausha mchuzi tu.

Ndiyo maana badiliko ninalolithamini kuliko yote ni kuloweka. Jioni, chambua maharage, yaoshe, kisha yaloweke katika maji yasiyopungua mara tatu ya ujazo wake, kwani yatavimba sana usiku. Asubuhi mwaga maji hayo, ambayo yamechukua sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni, suuza, na upike kwa maji mapya. Unaponunua Mwanjelwa au Uyole, muulize muuzaji kama maharage ni ya msimu huu, kwa maana yaliyokaa ghalani muda mrefu hugoma kulainika hata yakilowekwa. Na usiyachanganye mapya na ya zamani, kwa sababu mapya yatavurugika huku ya zamani yakiwa bado magumu.

Yakishaanza kuchemka, yaache katika moto mkali kwa dakika 15. Hatua hii isirukwe, hasa kwa maharage mekundu, ambayo yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa kweli na kubaki katika maji ya uvuguvugu. Baada ya hapo funika sufuria, ziba mlango wa jiko ili mkaa uwake polepole, na ukihitaji kuongeza maji, yawe ya moto.

Nyanya na limao visubiri mpaka maharage yalainike kabisa, kwani uchachu huyafanya maganda yakaze. Magadi hufanya kinyume chake, na simlaumu mama anayeyatumia mkaa unapokaribia kwisha, lakini huharibu vitamini B1, na aliyeloweka kwa kawaida hayahitaji.

Chumvi nayo itiwe mwishoni. Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo yaliyosumbuliwa sana na rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa sababu ya upungufu wa madini joto (iodini) katika udongo, na chumvi tunayouziwa imeongezwa madini hayo ili kutukinga. Kuichemsha kwa saa nzima kunaweza kupoteza sehemu ya madini hayo.

Kwa mboga za majani za kulia maharage hayo, iwe chainizi, figili au majani ya maboga, osha kabla ya kukata, kata vipande vikubwa, na uziinjike watu wakiwa tayari kula, kwani dakika chache zinazitosha. Chumvi inayobaki ihifadhi katika kopo lenye mfuniko, pakavu na mbali na jiko, wala usiiache wazi karibu na mvuke wa sufuria.