Kumrudisha Mtoto Mlimani: Somo la Safari ya Familia kutoka Dodoma kwa Siku Tatu

Somo hili nimewaandikia wazazi wa Dodoma na mikoa ya jirani ambao watoto wao wanaingia mwaka wa pili au wa tatu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na ambao wangependa safari ya kumrudisha mtoto iwe pia mapumziko mafupi ya familia nzima. Mwaka wa kwanza nimeuacha kwa makusudi, kwa kuwa siku zile zina usajili, vyeti na foleni zisizomwachia mtu nafasi ya kutazama bahari.

Hatua ya kwanza ni kukata tiketi za kurudi siku ileile unapokata za kwenda. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa ikitumaliza kutwa nzima ndani ya basi imekuwa ya takribani saa nne, na ndiyo sababu safari ya siku tatu yenye watoto wadogo inawezekana. Lakini vyuo vinapofunguliwa, wazazi wote huwaza Ijumaa na Jumapili zilezile. Ukiingia kwenye mfumo wa tiketi, ukapata namba ya kumbukumbu ya malipo na ukaiacha hadi jioni, usishangae nafasi zikiwa zimekwisha. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, na mfike stesheni mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda.

Hatua ya pili ni mizigo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wazazi tunapokosea. Godoro, ndoo, chandarua na kamba ya kuanikia nguo havisafirishwi kutoka Dodoma, kwani Mwenge, Manzese na Kariakoo vinauzwa vyote, na mtoto wa mwaka wa pili huenda alikwisha kuvihifadhi kwa rafiki yake. Muulize kwanza. Cha kubeba ni kile ambacho ukiwa Dar es Salaam unakinunua kwa bei ya kuumiza au hukipati kwa ubora ule: karanga, unga wa mtama, zabibu zetu wakati wa msimu, na mafuta ya alizeti. Dumu la mafuta lifungwe mfuniko kwa nailoni, kisha litiwe ndani ya mfuko wa pili. Nimewahi kufika na sanduku ambalo shuka zote zilinukia alizeti, na binti yangu alizifua usiku wa kwanza badala ya kupumzika. Jiko la umeme msilibebe kabla ya kusoma kanuni za hosteli, maana hosteli nyingi hazilitaki chumbani.

Hatua ya tatu ni kumaliza mambo ya hosteli kabla ya matembezi yoyote, na kuyamaliza Ijumaa. Kwa mwanangu wa kwanza, aliyesoma chuo kingine jijini, tulitangulia ufukweni tukiwa na furaha zetu, tukafika kuchukua ufunguo saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tukakuta mlango umefungwa hadi Jumatatu. Kosa lilikuwa letu, na tulililipia kwa vyumba vya ziada vya nyumba ya wageni. Pandeni treni ya asubuhi. Mkishuka, familia igawanyike: mzazi mmoja aende na mwanachuo hadi hosteli, mwingine awapeleke wadogo mnakolala wakaoge na kula. Joto la Novemba la pwani huwachosha watoto waliozoea hewa kavu ya Dodoma, na mtoto aliyechoka hugeuza foleni ya ufunguo kuwa adhabu ya watu wote.

Kuhusu malazi, Sinza ina nyumba za wageni nyingi na za bei nafuu, ila muziki wa baa za jirani haujui kwamba una mtoto wa miaka sita. Mimi huchagua upande wa Survey au Makongo, palipo na utulivu na karibu na chuo.

Hatua ya nne ni Jumamosi, na sharti langu ni moja: mwanachuo ndiye awe mwenyeji. Yeye achague njia, yeye aseme tushuke wapi, na mzazi alipe tu bila kusahihisha. Mwaka jana binti yetu alianza kwa kutuzungusha kampasi, akawaonyesha wadogo zake Ukumbi wa Nkrumah, ambao wao waliutambua mara moja kutokana na noti ya zamani ya shilingi 500. Kisha tulipanda basi la mwendokasi kutoka Ubungo hadi Kivukoni, tukatembea hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ambako kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Watoto wangu walisimama kwa muda mrefu mbele ya maelezo ya Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na mdogo akauliza kama naye alikuwa Mgogo. Mchana tulirudi Feri, palepale Kivukoni, tukala samaki, tukavuka kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo. Nauli ya mtu mzima imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na kwa watoto wa bara hakuna matembezi ya meli yenye thamani kubwa zaidi kwa fedha hiyo.

Kisiwa cha Mbudya ni kizuri, lakini boti za Kunduchi na siku nzima ya jua nawaachia wenye siku nne. Coco Beach inatosha kwa jioni, kwa mihogo ya kukaanga, kachumbari na madafu. Maji yakijaa, watoto wasiingie peke yao, kwani miamba iliyokuwa wazi wakati wa kupwa huwa imefunikwa.

Maswali ya wazazi

Mama wa Kibaigwa: Shikamoo mwalimu. Tiketi za treni zimekwisha. Je, tuahirishe?

Marahaba. Msiahirishe. Basi litawashusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hamna haja ya kuingia katikati ya jiji, kwa kuwa Mlimani iko njiani. Ila ondokeni alfajiri, au msafiri Alhamisi, ili Ijumaa ibaki ya hosteli.

Baba wa Kondoa: Mwanangu anasema nisifike chuoni, eti wenzake watamcheka. Nifanye nini?

Ndugu yangu, mtii. Beba mzigo hadi lango la chuo tu, msalimie atakayekusalimu, kisha mkutane Jumamosi mjini. Hata kwa binti, baba kwa kawaida haruhusiwi kupita mlango wa hosteli ya wasichana, kwa hiyo hupotezi kitu.

Mama wa Manyoni: Boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, linaweza kuchelewa. Nimwachie kiasi gani?

Dada, hesabu chakula na nauli za wiki tatu, umpe nusu mkononi na nusu uitume kwa simu baada ya siku kumi. Usikate fungu hilo kutoka kwenye fedha za matembezi Jumamosi jioni, wakati kila mtu anataka chipsi. Litenge kabla hamjatoka Dodoma, na mwambie mapema ni kiasi gani ili asilazimike kukuuliza mbele ya wadogo zake.

Baba wa Mpwapwa: Siku ya kurudi, atusindikize stesheni au tuagane hosteli?

Sisi tuliagana stesheni, kwa sababu hosteli hugeuza kuaga kuwa kilio. Tulichagua treni ya mchana ili binti awahi kurudi kukiwa bado na mwanga. Baada ya sisi kuingia ukaguzi, alikwenda Gerezani akapanda mwendokasi hadi Ubungo, akachukua daladala ya chuo, na tulipofika Ruvu alikuwa ametuma ujumbe kwamba amesahau kuturudishia chaja ya baba yake.