Kufundisha rigresheni yenye makundi kwenye R bila kulipoteza darasa

Kosa letu walimu (na mi nimelifanya sana tu) ni kuanza na zile sifuri na moja (namba za kuonyesha nani yuko kundi lipi), unajaza ubao mpaka watu wanasinzia. We anza na wastani, ule wanaoujua tangu zamani.

R (programu ya takwimu) inakuja na data inaitwa PlantGrowth, mimea 30, makundi matatu ctrl (la kulinganishia), trt1 na trt2 (yaliyofanyiwa majaribio mawili tofauti), kumi kumi, na uzito wa kila mmea. Kabla ya rigresheni yoyote (kukadiria kitu kimoja, hapa uzito, kutokana na kingine, hapa kundi) waambie watafute wastani wa kila kundi, hata kwa kalkuleta kama muda upo, au hivi:

with(PlantGrowth, tapply(weight, group, mean))

Watapata 5.032, 4.661 na 5.526, waziandike kwenye daftari. Halafu ndo wapige:

summary(lm(weight ~ group, data = PlantGrowth))

Hapo we nyamaza kwanza. Intasepti (ile namba ya kuanzia, mstari wa kwanza wa majibu) ni 5.032, lazima kuna mmoja ataropoka "si ndo wastani wa ctrl huu!", trt1 inasoma -0.371, wakichukua 4.661 wakatoa 5.032 wanaipata hiyohiyo, na trt2 ni 0.494 kwa mtindo uleule. Sasa ndo unawaambia ctrl haijapotea, imegeuka kundi la msingi na wenzake wanapimwa kutokea kwake, kisa tu ni ya kwanza kwenye orodha (maneno R huyapanga kialfabeti usipoiambia vingine).

Wabadilishe msingi:

summary(lm(weight ~ relevel(group, ref = "trt1"), data = PlantGrowth))

Hapa pananoga. Mwanzo p za trt1 na trt2 (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo au zaidi kama kiukweli makundi hayatofautiani) zilikuwa 0.194 na 0.088, sasa trt2 imeshuka mpaka 0.004 na kuna watakaodhani data imechezewa, kumbe kilichobadilika ni swali, tunailinganisha na trt1 sio ctrl tena. Waonyeshe p ya F chini kabisa (ile inayopima makundi yote matatu kwa pamoja), 0.016, haijasogea.

Mtego wa mwisho ni makundi yaliyoandikwa kwa namba. Chukua mtcars, data nyingine ya R ya magari, mpg (maili kwa galoni) kwa cyl (idadi ya silinda, 4, 6 au 8): ukiiacha hivyohivyo R inadhani kila silinda inapunguza 2.876, yaani toka 4 hadi 6 na toka 6 hadi 8 ni 5.75 ileile. Weka factor(cyl), yaani uiambie R haya ni makundi, uone, toka 4 hadi 6 inapungua 6.92, toka 6 hadi 8 inapungua 4.64. Ukipita nyuma ya mwanafunzi ukakuta cyl ina mstari mmoja badala ya miwili, ujue factor kaisahau.