Kupanga pesa za mwezi kwa mwanafunzi anayepokea dola na kula kwa franka

Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza masomo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hapa Kongo (DRC), alinijia na maneno mawili tu: "Yaya, zimeisha." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Ilikuwa tarehe 12. Siku ileile aliyotumiwa pesa alikuwa amebadilisha dola zote kuwa franka, na awamu ya ada ya masomo ikaliwa pamoja na bukari, yaani ugali, bila yeye kujua ni lini. Tuliketi na daftari jioni nzima, na ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Tenganisha sarafu

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika kinacholipwa kwa dola, yaani ada na kodi ya chumba. Upande wa pili andika kinacholipwa kwa franka, yaani unga, makala (mkaa wa kupikia), mboga, nauli ya taksi-basi, fotokopi, yunite (salio la simu) na mega (bando la intaneti). Katika dola 150 za mdogo wangu, 60 zilikuwa za ada, 30 za chumba, na 60 za kuishi.

Hatua ya 2: Badilisha dola 20 kila siku 10

Hapa ndipo nilipopotezea muda na pesa nilipokuwa mwanafunzi, kwa hiyo mnivumilie.

Hapa Lubumbashi kila mtu atakushauri uweke dola, kwa kuwa franka huyeyuka. Ushauri huo una ukweli nusu. Mwaka 2025 dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya franka 2,800 ilishuka chini ya 2,500 katika muda wa wiki chache, na waliokuwa wameweka dola za chakula wakajikuta na franka pungufu huku bei za sokoni zikikawia kushuka. Kanuni ninayoifuata mimi ni nyingine: deni la dola liwekewe dola, na deni la franka liwekewe franka. Ada ikidaiwa kwa dola, kupanda au kushuka kwa franka hakukuhusu, mradi hujaigusa ile noti.

Tuchukue kwa mfano kwamba mbadilishaji ananunua dola kwa franka 2,300 na kuiuza kwa 2,350. Ukimpa dola 60 za ada, utapata franka 138,000. Ukirudi kesho yake kuzinunua upya, utahitaji 141,000. Franka 3,000 zimekwenda ingawa hujanunua hata fungu la mboga ya lengalenga. Kwa upande wa chakula, noti moja ya 20 inakupa franka 46,000, ambazo kwa siku 10 ni 4,600 kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kukariri, kwa sababu ukiwa mbele ya muuza makala hutakuwa na nafasi ya kupiga hesabu za mwezi mzima.

Sasa kuhusu noti zenyewe. Franka hupokelewa hata ikiwa imechakaa na kubandikwa gundi, lakini dola yenye mpasuko wa upana wa ukucha, doa la wino au muhuri hukataliwa. Mimi niliwahi kupewa noti ya 100 iliyochanika kidogo pembeni, nikaikunja bila kuitazama. Siku ya mwisho ya kulipa ada benki iliikataa, nami nikazunguka mjini mchana kutwa, kutoka meza moja ya wabadilishaji hadi nyingine, mpaka mmoja akaichukua kwa bei ya chini aliyoitaka yeye. Tangu siku hiyo huinua kila noti kwenye mwanga na kupitisha kidole gumba kwenye kingo zake nne, hata anayenipa akiwa mjomba. Ukitoa dola kwa wakala wa pesa za simu, kagua ukiwa bado mbele yake, maana ukishaondoka hakuna atakayekubali kwamba noti mbaya ilitoka kwake. Omba noti za 20, kwa kuwa noti ndogondogo hubadilishwa kwa bei ya chini, na wengi hawaitaki kabisa ile ya dola 1. Jambo la mwisho: hesabu franka mwenyewe kabla ya kuachia dola yako. Mbadilishaji akilirudisha bunda mikononi mwake "ili aongeze iliyopungua", lihesabu upya lote, kwani noti kadhaa huweza kuchomoka chini huku moja ikiongezwa juu.

Hatua ya 3: Andika kila jioni

Andika matumizi ya siku katika daftari la karatasi. Programu za simu sizipendi, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili hesabu nazo hukatika, na nyingi ninazozijua huchanganya sarafu mbili katika jumla moja isiyo na maana.

Hatua ya 4: Ingia likelemba, lakini chagua zamu

Likelemba ni mchango wa kupokezana kwa zamu. Mkiwa wanafunzi kumi na kila mmoja akitoa franka 10,000 kwa wiki, kila wiki mmoja wenu anaondoka na 100,000. Omba zamu inayoangukia karibu na tarehe ya kununua vitabu au ya kuchapisha kazi ya mwisho wa mwaka, na ingia tu na watu unaojua wanakolala. Zamu ya kwanza ni mkopo, ya mwisho ni akiba. Aliyekwisha kupokea mapema ndiye wa kufuatiliwa.

Hatua ya 5: Lipa ada kabla ya wiki ya mwisho

Kabla ya wiki hiyo foleni ya benki ni fupi, na noti ikikataliwa unabaki na siku za kuibadilisha. Piga picha hati ya malipo papo hapo mlangoni, kisha toa fotokopi mbili: moja ibaki chumbani, nyingine kwa wazazi. Mdogo wangu aliweka yake ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule wenye mstari katikati.