SOMO: Kutotolesha mayai ya kware kwa mara ya kwanza (wa Mtwara na Lindi, soma yote kabla ya kuuliza)

Wadau, kila wiki naletewa swali moja: vifaranga wamefia ndani ya ganda, tatizo nini? Naandika mara moja. Akikuuliza mwenzako, mlete hapa.

Naongelea kware wa Kijapani, huyu tunayemfuga, na mashine yenye feni. Anatotoka siku ya 17 au 18.

1. Chukua mayai yenye mbegu, yasiyozidi siku 7, yasiyo na nyufa. Usiyaoshe. Yaliyosafiri kwa basi yapumzishe siku nzima, ncha nyembamba chini.

2. Washa mashine siku moja kabla, itulie kwenye nyuzi 37.5.

3. Geuza mara 3 au 5 kwa siku mpaka siku ya 14. Mashine inayojigeuza, hakikisha inageuza kweli.

4. Maji. Hapa ndipo nilipopata hasara. Ilikuwa Machi, mvua zimepamba moto hapa Mtwara, na karatasi ya mashine ilisema jaza mifereji yote ya maji tangu siku ya kwanza. Nikajaza. Mayai 60, wakatoka 11. Siku ya 19 nikapasua yaliyobaki, moja moja. Kifaranga kamili, manyoya yote, mdomo umeelekea kwenye chumba cha hewa, ila amelowa utelezi na ukimwinua maji yanachuruzika. Chumba chenyewe cha hewa kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Yai linatakiwa lipoteze maji taratibu ili chumba hicho kikue, maana hapo ndipo kifaranga anapovuta pumzi ya kwanza kabla ya kutoboa ganda. Mimi nilimnyima nafasi hiyo.

Ndani ya mashine unataka unyevu wa asilimia 45 hadi 50 mpaka siku ya 14. Sasa hesabu: hewa ya pwani yenye nyuzi 28 na unyevu 80, ukiipasha moto mpaka 37.5 bila tone la maji, unyevu unashuka hadi 47 hivi. Tayari unao! Lakini aliye Newala juu, kiangazi, hewa ya nyuzi 22 na unyevu 60, kwake utashuka hadi 25, huyo lazima aweke maji. Kwa hiyo usifuate maneno ya mtu, hata yangu. Nunua kipimo cha unyevu, uweke ndani, usome.

5. Siku ya 15 acha kugeuza, laza mayai, sasa jaza maji unyevu ufike 65 hadi 70. Funga. USIFUNGUE. Ukifungua vifaranga wakiwa wametoboa ganda, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kuwabana. Aliyetoka anaweza kukaa humo siku nzima bila kula, bado ana kiini tumboni.

6. Wakikauka hamishia kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Chakula kisagwe laini. Kwenye chombo cha maji weka kokoto, wanazama hata kwenye kifuniko.

MASWALI

Mdau, Masasi: Wanatotoka siku ngapi?
– Nimeandika juu kabisa. Soma.

Mdau, Lindi mjini: Mimi nafungua kidogo tu kuwasaidia wanaochelewa, mbona hawafi wote?
– Hawafi wote, wanakufa baadhi, na hao baadhi ndio ninaowaongelea. Wewe hesabu waliokufa.

Mdau, Mikindani: Umeme ukikatika saa mbili tatu?
– Usifungue. Funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Ukirudi endelea, ila watachelewa kidogo.

Mama wa Nachingwea: Samahani mwalimu, nitajuaje kipimo changu cha unyevu hakidanganyi? Nina viwili, kimoja 52 kingine 67.
– Shikamoo mama, swali zuri sana, wengi hawalifikirii. Chukua kizibo cha soda, tia chumvi ya mezani, idondoshee maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo na vipimo vyote viwili ndani ya mfuko wa nailoni, funga usipitishe hewa, acha usiku kucha. Humo unyevu ni 75. Kinachosoma 70, ongeza 5 kila ukisoma. Andika tofauti juu yake kwa kalamu.

Mama wa Nachingwea: Nimefanya. Kile cha 67 ndicho kimesoma 75. Cha 52 kimesoma 60!
– Basi hicho cha 60 bandika karatasi, "ongeza 15". Na mayai yaliyomo sasa yako siku ya ngapi?

Mama wa Nachingwea: Ya sita.
– Yamulike kwa tochi kesho kutwa usiku, upande mnene, uone chumba cha hewa kimefika wapi. Madoa ya ganda yatakusumbua, zungusha taratibu mpaka upate penye rangi hafifu.