Kazi ya Kwanza ya BMU ni Daftari: Ushauri kwa Mialo ya Ziwa Victoria

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaitambua jamii inayoishi kwa uvuvi kuwa mshirika wa Serikali katika kutunza samaki, na katika mialo ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, ushirika huo hutekelezwa na vikundi vya BMU (Beach Management Unit), yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi katika mwalo wao. Kwa bahati mbaya, vikundi vingi huanza na doria kabla havijajua mwalo wao una mitumbwi mingapi.

Tunashauri kamati ianze na daftari. Iandike kila chombo, mwenye chombo, aina ya nyavu na ukubwa wa matundu, kisha kila siku iandike kilo za sangara, sato na dagaa zilizoshushwa pamoja na bei ya siku hiyo. Mvuvi anayehamia kutoka mwalo mwingine aonyeshe barua ya BMU alikotoka kabla ya kuingia majini, kwa sababu wenye nyavu haramu kama kokoro na timba huhama haraka wanapobanwa. Afisa Uvuvi akiletewa takwimu za namna hii, mazungumzo hubadilika: wanakijiji hawaombi tena, wanaonyesha.

Mikutano ipangwe kipindi cha mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wako nchi kavu. Mkutano ukiitishwa kipindi cha giza, vibarua wakiwa ziwani, watahudhuria wenye vyombo peke yao na kuamua mambo ya vibarua wao. Wanawake wanaoanika na kuchuuza dagaa nao waitwe, kwani ndio wanaoona mapema dagaa wanapoanza kuwa wadogo.

Mazalia ya sato, ambayo kwa kawaida yako kwenye maji mafupi karibu na ufuko, yawekewe maboya na kulindwa kwa sheria ndogo iliyopitishwa na kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Faini isiyo na msingi huo ni dhuluma, hata kama nia ni njema.

Doria ifanywe pamoja na Afisa Uvuvi. Mjumbe wa kamati akitumwa peke yake kumkamata shemeji yake mwenye sangara wa chini ya sentimita 50, ama atafumba macho ama atavunja undugu, na hakuna haja ya kumweka katika mtihani huo. Zana zilizokamatwa ziandikwe papo hapo mbele ya mwenye nazo. Fedha zote zikatiwe stakabadhi na hesabu isomwe hadharani. Kamati ikikwepa kuisoma, wanachama wamwombe Mtendaji wa Kijiji aitishe mkutano.